Salamu za Ukurasa wa Nne

9 Januari

Mwanangu Kiguu,

Salamu nyingi, zikufikie huko kwenye baridi kabla hazijaganda njiani. Sisi hapa hatujambo kabisa. Jua leo limeamka kabla yangu, na unajua mimi si mtu wa kulala. Nimefungua madirisha yote mawili ya sebuleni, upepo wa bahari unaingia bila kupiga hodi, sawasawa na majirani zangu. Mlango wangu haujui komeo. Asubuhi hii moja wamepita watu watano: wawili kunijulia hali, mmoja kuniletea ndizi, na wawili hawakuwa na haja yoyote, wamekaa tu tukacheka. Magoti yangu yametulia. Huku mtu hazeeki, mwanangu, anakauka pole pole kama shuka safi kwenye kamba. Hatuna tunachokosa ila wewe.

Lakini salamu ni salamu, sasa niseme kilichonikalisha chini kuandika.

Wiki iliyopita walikuja watu watatu na kamba ndefu na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Ni wa ile kampuni inayojenga nyumba nyeupe kule nyuma ya shule, za wazee wa kigeni waliostaafu. Wamepima kuanzia ukuta wa mbele hadi mlango wa jikoni, na hodi hawakupiga, na hao si majirani. Nikauliza wanapima nini. Mmoja akasema wanaongeza nyumba, awamu ya pili, mtaa wetu wote umo. Nikamwambia nyumba hii haiuzwi. Akafungua faili, akanionyesha. Jina lililoandikwa ni lako.

Ni kweli ni lako. Kaka yangu alipofariki, mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda ofisi ya ardhi kuliandikisha, ili mtoto wake asije akasumbuliwa na mtu. Nimeishi humu miaka thelathini na moja, na sikuwahi kuwaza kwamba jina la mtoto niliyemlea linaweza kunitoa nje.

Wamesema karatasi itakuja kwako huko huko. Ikija, usiitie sahihi. Nimepiga mstari chini yake mara mbili, uone. Usitie sahihi hata kama wanakuambia ni ya kupima tu. Na jambo la pili, maji hayatoki bombani siku ya kumi na moja sasa, tangu waanze kujaza mabwawa yao ya kuogelea. Fundi bomba, jirani yetu, anasema mabomba hayana kosa, maji ndiyo yamegeuzwa njia.

Nijibu upesi. Kwenye simu hupatikani, na hata ukipatikana, simu haina nakala. Karani ni karani hata akistaafu.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na imenichangamsha wiki nzima. Mimi sijambo, baridi tu, lakini nimeizoea. Nimefurahi sana kusikia magoti yako yametulia.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha ile kazi ya kuwaogesha wazee. Sasa niko ofisini, Shangazi, navaa tai. Kazi yangu ni kuzungumza na watu waliostaafu ambao wanafikiria kwenda kuishi kwenye jua. Tunakodi ukumbi, tunaweka viti na kahawa, nami nasimama mbele nawaeleza maisha ya pwani yalivyo. Wananisikiliza mimi, Kiguu, ambaye wewe ulisema nitakufa nikizurura. Kampuni imenishughulikia hata kibali cha kuishi, sasa sina tena wasiwasi kila nikiona askari.

Watu huku wanazipenda sana barua zako. Nakuomba uendelee kuandika vile vile unavyoandika, hasa ule mwanzo. Wewe una kipaji ambacho hukijui.

Nisalimie Fundi bomba na wote wanaopita hapo kwako.

Mwanao,
Kiguu


23 Machi

Mwanangu Kiguu,

Salamu. Tuko salama. Hizo zinakutosha kwa leo, na utaelewa kwa nini.

Kwanza, hukunijibu. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno karatasi, na neno nyumba, hata neno maji. Umenijibu magoti.

Pili. Jumatatu ya juzi, saa nne asubuhi, nimo sebuleni nimevaa kanga moja, nachagua mchele, mlango ukafunguka. Akaingia bibi mmoja wa kigeni, mrefu, kofia kubwa, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba yako na kunitazama akitabasamu. Sikumjua wala sikumsikia akibisha. Nilidhani amepotea, au kichwa kimempotea. Nikampa maji ya kunywa. Akakaa nusu saa, akaondoka. Jumanne wakaja mume na mke. Jumatano, wengine wawili, na yule mwanamume akaingia hadi chumbani kwako na kujinyoosha kitandani, na viatu vyake. Wiki moja, watu saba. Nikaanza kufunga kwa komeo. Wakaja wakasimama nje wamenuna, kana kwamba mimi ndiye niliyewavunjia adabu.

Yule bibi wa kwanza anakaa kwenye zile nyumba nyeupe, namba nane. Alirudi Ijumaa iliyopita na msichana wa mapokezi wa kule kwao ili atutafsirie, maana alitaka kujua kwa nini nimebadilika. Akatoa kijitabu kwenye mkoba. Kinang'aa, kina bahari mbele. Akafungua ukurasa wa nne.

Picha yangu. Ile niliyokutumia uibandike ukutani kwako, nimekaa nje na kikombe. Na chini ya picha, maneno yangu. Msichana alinisomea kwa lugha yao, kisha akanirudishia kwa yetu. Upepo unaoingia bila hodi. Mlango usiojua komeo. Majirani wanaopita na kukaa bila haja. Na kwa herufi kubwa kuliko zote: HUKU MTU HAZEEKI. Kichwa cha habari wameandika, "Shangazi anakusubiri."

Namsubiri nani, Kiguu? Hao watu wameacha nyumba zao huko, wamepanda ndege, wamekuja kwangu kwa sababu kitabu kimewaambia ndiyo desturi ya hapa. Nami niliandika salamu. Mtu yeyote aliyelelewa na watu anajua salamu ni nini. Unasema hatujambo kwanza hata kama paa linavuja, ili unayemwandikia akae vizuri kabla hujamtwisha mzigo. Nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka saba, ukimwandikia baba yako alipokuwa hospitali. Wewe umechukua ngata ya kichwani ukauza, mzigo ukaniachia.

Umekata mahali pa "lakini." Nimelinganisha na nakala yangu. Umefika "ila wewe," ukaweka nukta, ukafunga.

Sasa nisikilize. Salamu zilizo ukurasa wa nne ni za barua ya tarehe tisa Januari. Kwa hiyo barua ile uliipata, na uliishika mkononi, na huwezi kuniambia ilipotea posta. Karatasi ilikuja? Umetia sahihi? Nijibu ndiyo au hapana. Maelezo sitaki.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hasira imepungua kidogo. Samahani kwa kuchelewa, tumekuwa na maonyesho katika miji mitatu. Mimi sijambo. Mvua inanyesha.

Naomba nikueleze ilivyoanza, usinione mwizi. Kule kwenye nyumba ya wazee kulikuwa na mzee niliyekuwa nikimwogesha Jumanne na Ijumaa. Alikuwa hataki maji. Anapiga mateke, anauma. Siku moja nilikuwa na barua yako mfukoni, nikaanza kumsomea kwa lugha yake, basi tu nimtulize. Akatulia. Akaniuliza, "Huyo mama ana nafasi ya mtu mmoja?" Ijumaa iliyofuata walikuwa wanne wamejipanga bafuni wakisubiri habari zako. Walikuwa wakiuliza nani amepita leo kwako, nani amekaa. Shangazi, hao watu wanakaa miezi bila mtu kuwagusa mlango. Binti wa yule mzee ni mkubwa kwenye kampuni. Akanisikia nikisoma.

Kwa hiyo mimi nilisoma tu. Wao ndio waliochapisha. Picha niliwapa, hilo nakiri, nilidhani utafurahi kujiona.

Wateja kuingia bila hodi nimewaeleza wakubwa, watabandika tangazo.

Yale mengine tutayazungumza nikitulia.

Mwanao,
Kiguu


21 Mei

Kiguu,

Salamu sina. Nikikupa utazichapisha.

"Yale mengine" yamefika yenyewe. Jana asubuhi mtu wa kampuni ameniletea bahasha, akaniomba nitie sahihi kwenye daftari kwamba nimeipokea. Nimetia, maana mimi kabla sijatia sahihi husoma. Ndani kuna hati ya ahadi ya kuuza nyumba, na chini kabisa sahihi yako, ile yenye mkia mrefu niliyokucheka nayo ulipoibuni. Tarehe nne Februari. Barua yangu ilikuwa imeshakufikia, maana kijitabu kimechapwa Februari hiyo hiyo na mimi nimo.

Nimekwenda kwa wakili aliye juu ya duka la vitabu. Amenifafanulia. Sahihi ya kwanza ni ya kuahidi. Ya pili ndiyo ya kuuza, nawe unatakiwa uitie kabla ya tarehe thelathini na moja Agosti. Ukiitia, natoka. Usipoitia, ahadi inakufa. Mimi sina neno mbele ya sheria. Miaka thelathini na moja ya kupaka chokaa kuta hizi, kuziba paa, kulipia maji yasiyotoka, wakili anasema mimi ni mgeni wa mwenye nyumba.

Nimesikia watu wakisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikijua wanasemea watu wengine. Mimi nguo yangu niliishona mwenyewe, nikaifua, nikaipiga pasi, nikaipeleka shule.

Nimefungua faili, nimetoa nakala ya tarehe tisa Januari, nanukuu: "Ikija, usiitie sahihi. Nimepiga mstari chini yake mara mbili, uone." Sasa niambie jambo moja ambalo linaninyima usingizi. Je, uliona mistari ile miwili, ukatia sahihi juu yake? Nataka kujua nimelea mtu wa namna gani.

Nilipokuwa karani nilikuwa na mwalimu mkuu aliyetia sahihi bila kusoma. Siku moja tulimwekea barua ya kujifukuza kazi mwenyewe, akatia. Tulicheka mwezi mzima. Leo sichekeshwi.

Shangazi yako, kwa sababu hilo halifutiki


11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimeanza na hatujambo, nikaichana.

Sikuiona mistari ile.

Barua yako ya Januari niliifungua ndani ya basi nikienda kazini. Nikasoma salamu, nikafika "ila wewe," nikaikunja. Hivyo ndivyo ninavyozisoma barua zako zote. Ni karibu miaka tisa sasa. Nasoma mwanzo, nakunja, naweka kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Hakuna aliyekata kwenye "lakini" kwa ajili ya kijitabu. Niliwapa nilichokuwa nacho.

Mwanzoni nilizisoma hadi mwisho. Nilikuwa nikilala chumba kimoja na watu watatu, sina kibali, na barua inasema paa limebomoka upande wa chumbani, unarudi lini. Sikuwa na jibu. Barua iliyofuata ikasema vile vile kwa upole zaidi, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Nikajiambia, nitasoma nusu ya pili nikiwa na la kujibu. Lakini salamu zako nilizihitaji. Nilikuwa nikizisoma asubuhi ndipo nivae koti. Kisha ikawa mazoea. Nikaanza kuamini kwamba huko kwetu kweli kuko hivyo, jua na watu wanaocheka, na ndiyo maana nikisimama ukumbini watu wananiamini. Sikuwa nawadanganya, au nilikuwa nimeanza na mimi mwenyewe.

Karatasi ya nyumba ilikuja ndani ya mkataba wangu wa kazi. Kurasa ishirini na mbili, mtu amesimama pembeni ananionyesha tia hapa, na hapa, na hapa. Jina la mtaa wetu nililiona. Siwezi kukuambia sikuliona. Nikajiambia, kungekuwa na shida Shangazi angeniandikia.

Sasa hali iko hivi. Nisipotia sahihi ya pili, kazi inakwisha, na kibali ni cha kazi, kwa hiyo nacho kinakwisha. Niliwabana wakubwa, wamekubali jambo. Watakupa nyumba moja nyeupe bure, maisha yako yote, yenye maji. Wanachoomba ni kila Alhamisi ukae barazani uwasalimie wageni wapya wanapofika. Saa mbili tu. Fikiria, Shangazi, nakuomba.

Kiguu


30 Julai

Kiguu,

Nimefikiria. Imenichukua muda wa kuvua miwani.

Mimi nikae barazani kila Alhamisi niseme hatujambo kwa zamu, kama kasuku wa hotelini, na nyuma yangu trekta linalala kwenye chumba nilichokuuguzia surua? Ulipougua surua sikukuuguza asubuhi nikakuacha adhuhuri kwa kuwa jioni ilikuwa ngumu. Ulikuwa ukilia usiku kucha na sikuwa na jibu, nilikuwa na kitambaa na bakuli la maji. Hakuna aliyekuomba jibu, mjinga wewe. Ungeniandikia "Shangazi, nimesoma, sina kitu." Maneno manne. Ningeziba paa mwenyewe, na nililiziba mwenyewe, lakini ningejua kuna mtu anajua.

Nina hasira, utaona kalamu ilivyotoboa karatasi. Ungekuwa umeniuza kwa makusudi ningekulaani nikapumzika. Umeniuza kwa uvivu wa kugeuza karatasi.

Sasa nikueleze nilichofanya. Nakala zangu za kaboni zote ninazo, miaka tisa, zimepangwa kwa tarehe. Nimezibeba kwenye kapu hadi barazani kwa Bibi wa Namba Nane, nikamwita msichana wa mapokezi. Nikamwambia asome, lakini salamu aziruke. Aanzie "lakini." Wamekusanyika karibu wote wa zile nyumba kumi na nne. Wamesikia kwamba hospitali ni mwendo wa saa nne na daktari ni mmoja. Wamesikia kwamba umeme hukatika kwa juma zima. Wamesikia maji ya mabwawa yao yanatoka kwenye bomba la nani. Mwanamume mmoja, yule yule aliyelalia kitanda chako, akainuka kutaka kubisha, mkewe akamvuta shati akakaa.

Sikuwaonea huruma wote. Kuna wanaolia kwa kutapeliwa huku shingo zao zimelowa maji yangu. Lakini kulikuwa na babu mmoja dhaifu amekaa mwisho, akaniuliza kupitia yule msichana kama ni kweli huku mtu hazeeki, kwa sababu hicho ndicho kilichomleta. Nikamwambia nina miaka sabini na moja na magoti yananiuma kila siku ya Mungu. Akafunika uso kwa kofia. Huyo ulimsomea wewe, kwa sauti yako.

Bibi wa Namba Nane, kumbe, alikuwa mkagua tiketi kwenye garimoshi miaka thelathini na nne. Akasema, "Nimewashusha watu wengi njiani kwa kusafiri na nusu tiketi. Leo nimeshushwa mimi." Tumekuwa marafiki, na siku hizi anabisha hodi. Nyumba tisa zimeiandikia kampuni. Mimi nimepiga chapa barua zao, na nakala nimebaki nazo.

Mimi sihami. Tarehe thelathini na moja Agosti wakija watanikuta kwenye kiti cha baba yako. Kibali chako, kazi yako, tai yako, hayo ni yako. Nyumba iko mkononi mwako kwa ujinga wangu. Chagua, na usinieleze tena.

Shangazi yako


12 Agosti

Shangazi,

Sitii sahihi.

Barua ya kukataa nimeipeleka kwa wakili wa huku, imegongwa mhuri, moja nimeipeleka kampuni mkononi na nyingine imo humu, nimeituma kwa posta ya haraka. Nakala nimebakiza. Siku iliyofuata wamechukua ufunguo wa ofisi. Kibali changu kinakwisha mwisho wa Septemba. Tiketi ni ya tarehe ishirini na mbili mwezi huo huo. Sina akiba ya kujivunia, nakuambia mapema.

Nimetoa lile boksi la viatu. Nimekaa sakafuni siku mbili nikisoma nusu za pili, kwa kufuata tarehe. Paa. Chumba cha mbele ulichokipangisha kwa miaka miwili ukalala jikoni. Mazishi ya jirani yule aliyenifundisha kuogelea, ambaye nimekuwa nikimtumia salamu hadi mwaka jana, nawe hukunisahihisha.

Na jicho lako la kushoto. Uliniandikia Mei, miaka mitatu iliyopita, kwamba limeingia ukungu na daktari anataka mtu wa kukusindikiza. Ukaniandikia tena Oktoba kwamba limezimika kabisa. Ninayo nakala ya nilichokujibu Oktoba ile, kwa sababu ulinirudishia kwa maneno yangu kwenye barua iliyofuata, bila kusema kitu. Nilikujibu kwamba nimefurahi kusikia jua linawaka.

Uliendelea kuniandikia salamu baada ya hapo. Sijui uliwezaje.

Kiguu


3 Septemba

Mwanangu,

Barua hii anakuletea mtoto wa Bibi wa Namba Nane, alikuja kumchukua mama yake akakuta mama hataki kuondoka.

Karatasi yako ilifika tarehe thelathini mchana. Tarehe thelathini na moja, saa mbili asubuhi, trekta likafika. Nilimwonyesha dereva mhuri. Akasema yeye kazi yake ni kubomoa, si kusoma, ngoja ampigie mkubwa wake. Alipokuwa akitafuta mtandao, mwenzake alikuwa ameshalipeleka trekta nyuma na kuanza. Fundi bomba akamrukia na spana mkononi, nikamzuia, asije akafungwa kwa ajili ya matofali. Wakili akaja na taksi akiwa amevaa kandambili. Wamesimama. Jiko limekwenda, na ukuta wote wa nyuma, na mlango wake. Vyumba viwili na sebule vimebaki, na hati ingali na jina lako. Kampuni inasema ni kosa la dereva. Wakili anasema tutashtaki, mimi nasema tutashtaki, na ushahidi nimeupanga kwa tarehe.

Hasira yangu usidhani imekwisha kwa mhuri mmoja. Nina miaka tisa ya kukugombeza na nitaanza siku ya kwanza. Utajenga jiko kwa mikono yako, tofali kwa tofali, na Fundi bomba amesema hatakusaidia hata kushika ndoo. Utakwenda kwa yule babu wa kofia, umwombe radhi kwa lugha yake. Halafu utakaa sebuleni unisomee nusu za pili zote kwa sauti, kuanzia ya kwanza, nami nitakuwa nasikiliza kama unaruka mstari.

Nauliza moja tu: una koti la mvua? Mvua zimekaribia na nyuma ni turubai.

Njia uliyokuwa ukipita kuingia kwa jikoni haipo tena. Pita mbele. Na ukiniona nimekaa nje sikuitikii, usidhani nimekususa, ingawa ningekuwa na haki. Zunguka uje upande wa kulia, huo wa kushoto sikuoni.

Shangazi yako